Karani wa Nyumba: Kijana Wetu na Kadi ya Mkopo

Nimeombwa niseme juu ya kadi za mkopo na watoto wetu wanaokaribia kutimiza miaka 18 hapa Marekani. Nitasema kwa Kiswahili, kwa sababu mambo ya fedha yakielezwa kwa Kiingereza peke yake, huwafikia watoto na kuwapita wazazi.

Nianze na jambo ambalo sote tunalijua. Katika nyumba nyingi zinazosema Kiswahili katika nchi hii, iwe familia imetoka Kivu ikapitia kambi ya Nyarugusu, au imetoka Burundi, Mombasa au Dar es Salaam, anayefungua barua ni mtoto. Barua ya hospitali, ya shule, ya mwenye nyumba, ya kampuni ya umeme, ya benki, zote hukaa juu ya meza zikimsubiri arudi na basi la shule. Ana miaka 12 au 13. Hawezi hata kufungua akaunti ya benki kwa jina lake peke yake, lakini anasoma riba, anasoma tarehe ya mwisho ya kulipa, anapiga simu kwenye kampuni na kusema, "Mama anauliza." Huyo ndiye karani wa nyumba. Tumemkabidhi ukarani bila kumfundisha maana ya hesabu anazozisoma. Halafu tukinong'onezana chumbani juu ya madeni, tunadhani hajui tunadaiwa kiasi gani. Anajua. Yeye ndiye aliyetusomea.

Ninachowaomba leo ni hiki: tusisubiri siku kadi inapofika kwa jina lake ndipo tuanze kumfundisha. Tumfundishe sasa, kwa barua zile zile anazotusomea, juu ya madeni yetu wenyewe, tukiwa tumekaa naye.

Familia nyingi zilizokuja kama wakimbizi zilifika zikiwa na deni tayari. Kabla ya kupanda ndege, wazazi walitia saini hati ya Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, ya kuahidi kurudisha nauli. Mkopo huo hauna riba. Malipo huanza miezi kadhaa baada ya kufika, na hulipwa kidogo kidogo kila mwezi. Wengi wameuona kuwa ni mzigo tu, na kweli ni mzigo kwa mtu ambaye hajapata hata kazi ya kudumu. Lakini kwa kawaida malipo hayo huripotiwa kwenye makampuni yanayotunza historia za mikopo ya watu. Kwa hiyo mama aliyelipa bila kukosa, mwezi baada ya mwezi, alikuwa akijijengea jina jema katika mfumo wa fedha wa nchi hii kabla hajajua kwamba mfumo huo upo. Na yule aliyeziweka bahasha kabatini bila kuzifungua, jina lake nalo liliandikwa. Ukitafuta somo la kwanza la kumpa mwanao, ni hati hiyo. Mwonyeshe ulikopa kiasi gani, umelipa kiasi gani, ulichelewa lini na kwa nini. Hakuna mwalimu wa shule atakayempa somo linalomhusu zaidi ya hilo.

Kadi zenyewe hazina historia ndefu. Mwaka 1950 huko New York ilianzishwa Diners Club, ambayo mtu aliitumia mikahawani na kulipa bili baadaye. Septemba 1958, Bank of America ilituma kwa posta kadi zipatazo 60,000 kwa wakazi wa Fresno, California. Hakuna aliyekuwa ameziomba. Watu walifungua bahasha wakakuta mkopo uliokwisha kuidhinishwa. Wizi ukazuka, wengi wakashindwa kulipa, benki ikapata hasara, na bado benki nyingine zikaiga, maana ziliona faida iliyokuwa mbele. Sheria ya mwaka 1970 ndiyo iliyokataza kumtumia mtu kadi ambayo hakuiomba. Kilichobaki ni barua za kumwalika aombe, na hizo zinaweza kumfikia mwanao pia.

Baadaye yakaja mambo ya vyuoni. Kwa miaka mingi makampuni ya kadi yaliweka meza kwenye viwanja vya vyuo, na kijana aliyejaza fomu alipewa fulana au kipande cha piza. Mwaka 2009 Rais Obama alitia saini sheria iliyozuia zawadi hizo. Sheria hiyo inasema pia kwamba mtu ambaye hajatimiza miaka 21 hapewi kadi kwa jina lake mpaka aonyeshe kuwa ana kipato chake cha kutosha kulipa, au awe na mdhamini aliyetimiza miaka 21. Ni sheria nzuri. Lakini tazameni inamlinda nani hasa. Inamlinda mwanafunzi asiye na kipato. Watoto wetu wana kipato! Wengi wanaanza kazi wakiwa na miaka 16, kwenye maduka ya vyakula, kwenye migahawa, na wakifika 18 wanaingia kwenye maghala zamu za usiku. Kijana wetu akijaza fomu, anapita. Ulinzi uliobaki kwake ni sisi.

Sasa tuingie ndani ya kadi. Ikija imeandikwa kwamba limiti yake ni dola 1,500, kijana huwaambia wenzake, "Nina dola 1,500." Hana hata moja. Limiti ni kiasi ambacho benki imekubali kumdai. Mzazi asichoke kulirudia hili mpaka kijana alichoke yeye.

Kila mwezi benki hufunga hesabu na kutoa bili. Kwa sheria, bili hiyo lazima itumwe angalau siku 21 kabla ya tarehe ya mwisho ya kulipa. Ukilipa kiasi chote kilichoandikwa kwenye bili kabla ya tarehe hiyo, kwa kadi za kawaida hutozwi riba hata senti moja kwa ulivyonunua. Hapo kadi imekusaidia bure. Ukibakiza kidogo, mambo yanageuka: kilichobaki kinaanza kuzaa riba, na kwenye kadi nyingi hata ununuzi mpya wa kesho nao unaanza kutozwa riba siku ile ile, kwa sababu umepoteza ile nafasi ya siku zisizo na riba. Watu wengi wazima hawalijui hili la pili. Wanadhani riba inahusu kile kilichobaki tu.

Na riba ni kubwa. Tangu 2023 wastani wa riba ya kadi za mkopo nchini Marekani umekuwa juu ya asilimia 20 kwa mwaka. Kadi za madukani, zile ambazo mhudumu wa kaunta anakuuliza kama ungependa kupata punguzo leo, mara nyingi hukaribia asilimia 30.

Tufanye hesabu pamoja. Vijana, toeni simu zenu mnihakikishie. Kijana amenunua simu na viatu, anadaiwa dola 1,200 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka, yaani asilimia 2 kwa mwezi. Kwenye bili kuna mstari unaosema malipo ya chini kabisa. Benki nyingi huyapanga kuwa asilimia 1 ya deni pamoja na riba ya mwezi, na yasishuke chini ya kiasi fulani; tuseme dola 25. Mwezi wa kwanza riba ni dola 24, asilimia 1 ya deni ni dola 12, kwa hiyo benki inamwomba dola 36. Analipa dola 36, anafurahi, halipi faini, hakuna anayempigia simu. Lakini deni limepungua kwa dola 12 tu.

Tuseme ameacha kabisa kuitumia kadi hiyo, na analipa kile kiasi cha chini kila mwezi kwa miaka mitatu bila kukosa hata mara moja. Mwisho wa miaka mitatu atakuwa ametoa mfukoni karibu dola 1,093. Deni litakuwa bado ni takriban dola 836. Simu yenyewe huenda imeshavunjika kioo na viatu vimetupwa. Akiendelea hivyo hivyo, atamaliza baada ya miezi 92, yaani miaka saba na miezi minane, na jumla ya alizolipa itakaribia dola 2,490. Kijana aliyeanza na miaka 18 anamaliza akiwa na 25, pengine ana mke na mtoto.

Deni hilo hilo, akilipa dola 60 kila mwezi, linaisha kwa miezi 26, na riba yote haifiki dola 350. Akilipa dola 110, linaisha kwa miezi 13, na riba ni kama dola 167. Tofauti kati ya dola 36 na dola 60 ni saa chache za kazi kwenye mgahawa. Mpeni kijana hesabu hii aifanye mwenyewe kwa mkono wake, kisha mrudi kwenye bili yenu. Ile sheria ya 2009 inailazimisha benki kuchapa jedwali dogo kwenye kila bili, linaloonyesha itakuchukua muda gani ukilipa kiasi cha chini tu, na ulipe kiasi gani kila mwezi ukitaka kumaliza kwa miaka mitatu. Jedwali hilo lipo kwenye bili ya kadi yako sasa hivi. Mwambie karani wako alitafute akusomee. Na ukisikia miaka 14, usikasirike, usinyamaze. Mwambie, "Ndivyo tulivyofika hapa, na ndivyo tutakavyotoka."

Hesabu hiyo inanifikisha kwenye uongo mmoja ambao vijana wetu wanauamini kweli kweli: kwamba ili ujenge skoo nzuri, yaani alama zinazoonyesha jinsi unavyolipa mikopo, ubakize deni kidogo kila mwezi. Si kweli. Skoo inayotumiwa sana, ile ya FICO, huanzia 300 hadi 850. Asilimia 35 yake ni historia ya kulipa kwa wakati. Asilimia 30 ni kiasi unachodaiwa, na hasa ukilinganisha na limiti yako. Kinachosalia ni umri wa akaunti zako, maombi mapya, na aina za mikopo uliyo nayo. Hakuna mahali ambapo unapewa alama kwa kulipa riba. Kijana anayenunua mafuta ya gari ya dola 40 kwa kadi, akalipa dola 40 zote bili inapokuja, anajenga skoo sawasawa, na benki haipati riba kwake. Aliyemwambia abakize deni, amemwambia aitajirishe benki.

Jambo jingine juu ya skoo: kinachoripotiwa kwa kawaida ni kiasi kilichokuwapo siku bili ilipofungwa. Mwenye limiti ya dola 500 akitumia 450, skoo inaweza kushuka hata kama atalipa zote kabla ya tarehe ya mwisho. Kwa kijana mwenye limiti ndogo, hili hutokea upesi. Kuchelewa nako kuna ngazi. Ukichelewa siku chache unatozwa faini, inayoweza kufika dola 30 au 40. Ukipitisha siku 30, benki inaweza kuliripoti, na doa hilo linaweza kukaa kwenye ripoti yako miaka saba. Miaka hiyo saba ndiyo anayotafuta nyumba ya kupanga na gari la kumfikisha kazini. Mwenye nyumba anaangalia, muuza gari anaangalia, na katika majimbo mengi kampuni ya bima ya gari nayo inaangalia. Ndiyo maana sikubaliani na wazazi wanaosema watoto wao wasiguse kadi kabisa mpaka waoe. Wanawakinga na deni, kisha wanawaacha watu wa miaka 25 wasio na historia yoyote, wanaoombwa amana kubwa kuliko wenzao.

Basi achague kadi gani? Ya kwanza isiwe na ada ya mwaka. Zawadi za pointi na safari za ndege zisimshughulishe. Hizo zina faida kwa anayelipa yote kila mwezi, na bado hatujui kama yeye ni mmoja wao. Ninayoipendekeza zaidi ni kadi ya dhamana: unaweka benki dola 200, nazo kwa kawaida zinakuwa ndiyo limiti yako, ukishindwa kulipa, benki inazichukua. Fedha zile ni zake, kwa hiyo anazionea uchungu. Ajue tu kwamba dhamana haimwondolei riba wala faini. Akishatunza vizuri kwa muda, benki nyingi humrudishia dhamana na kumpa kadi ya mkopo ya kawaida. Aulize pia kwenye vyama vya akiba na mikopo vya hapa. Sisi tuliotoka Tanzania na Kenya tunavijua vyama vya namna hii kwa jina la sakosi na sako. Vile vilivyosajiliwa na serikali kuu ya Marekani haviruhusiwi kutoza riba ya kadi zaidi ya asilimia 18 kwa mwaka. Katika soko la leo hiyo ni nafuu kubwa, na inashangaza jinsi wachache wetu wanavyovitumia.

Njia nyingine ni mzazi kumwongeza mtoto kwenye kadi yake kama mtumiaji. Makampuni mengi huruhusu hata kabla ya miaka 18, ingawa umri hutofautiana. Deni linabaki la mzazi, na historia ya kadi ile mara nyingi huandikwa kwenye jina la mtoto pia. Mzazi akilipa vizuri, amemrithisha mtoto jina jema. Akichelewa, amemrithisha kuchelewa. Kwa hiyo kabla ya kumwongeza, jiulize kama kadi yako ni urithi wa kumpa mtoto.

Sasa niseme lililonileta hapa hasa, na naomba wazee wangu mnivumilie.

Kijana wetu akitimiza miaka 18 ana vitu ambavyo wengi katika ukoo hawana: namba yake ya hifadhi ya jamii haina doa, Kiingereza chake kimenyooka, na anajua kujaza fomu mtandaoni. Hapo ndugu huanza kuja. Mjomba anataka gari na skoo yake imeharibika. Anaomba kijana aweke saini kama mdhamini. Shangazi anataka laini nne za simu kwa jina la kijana. Binamu amepata biashara, anaomba kadi kwa wiki mbili tu. Hawa si watu wabaya. Mjomba ndiye aliyelala mlangoni kambini ili watoto walale ndani. Kijana anawajua, anawaheshimu, na sisi wenyewe tumemfundisha kwamba mkubwa hakataliwi.

Lakini mkataba wa hapa hauujui ujomba. Anayetia saini kama mdhamini anadaiwa deni lote, na katika majimbo mengi mkopeshaji anaweza kumdai yeye bila hata kuanza kumfuata mkopaji. Kwa mikopo mingi ya namna hii, sheria inamlazimu mkopeshaji kumpa mdhamini karatasi ya onyo kabla hajasaini, na karatasi hiyo inalisema wazi. Kijana anaisoma, anaielewa kuliko mjomba, na bado anasaini, kwa sababu hana maneno ya kumwambia mkubwa hapana. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hapa mara nyingi harusi inakuwa ya mjomba na matanga ya mpwa.

Jibu lisimtegemee kijana. Hana umri wa kulibeba. Mzazi ndiye amchukulie lawama. Baba au mama atangaze mapema, mbele ya ukoo, kabla mtoto hajafika 18: "Katika nyumba hii hakuna mtoto anayekopa kwa ajili ya mtu mwingine mpaka atimize miaka 25. Mwenye shida aje kwangu." Ukishatangaza hivyo, kijana akiombwa anaweza kujibu kwa adabu, "Shikamoo mjomba, baba alishasema, naomba uongee naye." Hakumkatalia mkubwa, amemtii mkubwa mwingine. Na sisi tuwe tayari kuongea. Kama mjomba anahitaji gari kweli, ukoo ukae uchangie kama tunavyochangia msiba na harusi. Tuna desturi ya mchezo, tuna vikoba, tunajua kuzungusha fedha kwa zamu. Hizo ndizo njia za kumsaidia mjomba. Jina la mtoto wa miaka 18 lisiwe mojawapo.

Kuna jambo zito kuliko hilo. Zipo familia ambapo namba ya mtoto mdogo imetumika kufungulia umeme au simu, kwa sababu namba ya mzazi au ya ndugu ilikwishaharibika. Najua dhiki inayomfikisha mtu hapo. Hata hivyo ni kosa la jinai, na anayeumia ni mtoto, ambaye atakwenda kuomba mkopo wake wa kwanza akute anadaiwa tangu akiwa na miaka sita. Tangu Septemba 2018 sheria inampa mzazi haki ya kufunga bure faili ya mikopo ya mtoto aliye chini ya miaka 16, ili mtu yeyote asiweze kukopa kwa namba yake. Wenye miaka 16 na 17 wanaweza kuifunga wenyewe. Maombi yapelekwe kwa makampuni yote matatu makubwa yanayotunza historia za mikopo: Equifax, Experian na TransUnion. Vijana, fanyeni hili wiki hii. Mtaifungua mtakapotaka kukopa.

Ndugu zangu Waislamu wameniuliza mara nyingi juu ya riba. Mimi si shehe. Ninachojua ni kwamba wanazuoni wametofautiana: wapo wanaosema kadi inajuzu kwa anayelipa yote kabla riba haijaingia, na wapo wanaosema kule kukubali sharti la riba ndani ya mkataba kunatosha kuiharamisha. Muulizeni mnayemwamini. Familia ikiamua kukaa bila kadi, uamuzi huo una heshima yake, na njia nyingine zipo: baadhi ya wenye nyumba hukubali kuripoti malipo ya kodi kwenye historia ya mpangaji, na risiti za kodi zilizotunzwa kwa miaka miwili husaidia unapohamia nyumba nyingine. Lakini hata kijana wa familia hiyo afundishwe kadi inavyofanya kazi, kwa sababu barua za mwaliko haziulizi dini.

Na kwa sisi tunaotuma fedha nyumbani: usilipie kwa kadi ya mkopo. Simu inaita usiku kutoka Bujumbura au Uvira, mgonjwa yuko hospitalini, mshahara bado, na programu ya kutuma fedha inakubali kadi. Benki nyingi huhesabu muamala huo kama umetoa fedha taslimu kwa mkopo. Unatozwa ada papo hapo, mara nyingi karibu asilimia 5, na riba inaanza siku ile ile bila zile siku 21 za nafuu. Tena riba ya fedha taslimu mara nyingi iko juu kuliko ya manunuzi. Ukishatuma dola 300 hivi kila mwezi, umejifunga. Kijana naye aonyeshwe hili, maana siku moja simu hiyo itaita kwake. Familia iweke akiba ya dharura ya nyumbani, hata dola 10 kwa wiki, kwenye akaunti ya pekee yenye kadi ya benki inayokata fedha zenu wenyewe.

Kufundisha kwenyewe si kazi kubwa. Chagueni jioni moja kila mwezi, bili zikishafika. Televisheni izimwe. Mtoto asome, mzazi aeleze fedha ilitumika wapi, kisha walipe pamoja, mtoto akibonyeza. Akipata kazi, kwanza afungue akaunti yenye kadi ya benki inayokata fedha zake mwenyewe, ajifunze kuishi na anachokipata kwa mwaka mzima. Akifika 18, kadi ya dhamana, na itumike kwa kitu kimoja tu kinachojulikana, kama mafuta ya gari au tiketi za basi, huku malipo ya bili yote yakiwa yamepangwa kujikata yenyewe kutoka benki. Akiteleza mwezi mmoja, asipigwe kelele. Mtoto anayepigiwa kelele juu ya bili huanza kuzificha, na bili iliyofichwa ndiyo inayofika siku 30. Naomba pia kwamba simu za madeni ya wazazi tuzipige sisi wenyewe. Benki kubwa nyingi zina wakalimani kwa simu. Omba wa Kiswahili. Mtoto akae karibu asikilize, asiwe yeye wa kuomba msamaha kwa deni ambalo hakulikopa.

Nimalizie na walio ndani ya deni tayari, wazazi na vijana. Kwanza, kadi iache kutumika. Pili, piga simu benki kabla tarehe ya kulipa haijapita, useme kazi imepotea au saa zimepunguzwa, uulize kama wana mpango wa nafuu. Nyingi zinao, ila haziutangazi. Tatu, yapo mashirika ya ushauri wa madeni yasiyotafuta faida, yanayoweza kuzungumza na benki zako zote na kukupangia malipo mamoja ya kila mwezi kwa riba iliyopunguzwa. Jihadharini na makampuni yanayopiga simu na kuahidi kufuta deni lako. Kwa wanaouza huduma hiyo kwa simu, kudai malipo kabla hawajakupunguzia deni hata moja kumekatazwa tangu 2010.

Na deni likishafika kwa wakusanyaji, bado mna haki. Sheria ya mwaka 1977 inawakataza kupiga simu kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa tatu usiku, kutukana, au kutishia kifungo. Hapa hakuna anayefungwa kwa sababu ya deni la kadi. Muhimu kuliko yote, mkishapokea taarifa yao ya maandishi, mna siku 30 za kulipinga deni kwa maandishi, na mkifanya hivyo lazima waache kudai mpaka watume uthibitisho. Wengi wetu tunajibu kwa simu, kwa hasira au kwa kulia, na siku zinapita. Jibu kwa barua. Itumwe kwa posta ya kusainiwa, risiti itunzwe, na nakala ibaki nyumbani.